Tisa Si Tasa

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa, na mbingu nazo hazikutaka kubaki nyuma. Darasa langu la hisabati lina wasichana saba na ndoo mbili, kila ndoo chini ya tundu lake la paa. Mwalimu mkuu alipita, akazitazama ndoo, akanitazama na mimi, kisha akatangaza kwamba mwisho wa muhula kila mzazi atakuja kutia saini mkondo atakaosoma mtoto wake: hisabati au biashara. "Usije kunililia wakikukimbia," akaniambia pembeni, "maana mwaka jana walikukimbia." Walinikimbia kweli.

Lakini mwaka huu ninaye Kwanini. Hilo ni jina walilompa wenzake, kwa kuwa hata kengele ikilia anataka kujua kwa nini imelia sasa na si kabla. Nimefundisha wasichana wengi wenye akili. Mwenye njaa ya namna hii sijamwona, na nikimpoteza huyu sijui nitaendelea kufundisha kwa moyo gani.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Chaki imelowa, inaandika kama sabuni.

Jumamosi, 8 Machi

Hisabati ya Jumamosi imeanza leo kwenye ukumbi wa maktaba. Ni bure, kwa mtu yeyote, kina mama hasa. Niliandika tangazo kwa rangi tatu. Alikuja mume wangu peke yake, akakaa mstari wa mbele, akalala. Nilipomwamsha akasema, "Nimeelewa yote mpaka pale ulipoanza." Nilitaka kununa, nikacheka.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nilifundisha namba tasa. Kila mwaka nafundisha somo hili, na kila mwaka nalitamka neno hilo haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Ndivyo kitabu kisemavyo. Nje ya kitabu neno lina maana nyingine, na mimi niliyeolewa zamani na sijajaaliwa mtoto sihitaji kamusi ya kunieleza.

Kwanini akanyoosha mkono. "Mwalimu, nani alizipa jina hilo?"

"Sijui."

"Na kwa nini hilo?"

Nikasema muda umekwisha, na muda haukuwa umekwisha. Ili kujiondoa pale nikawapa kazi ya nyumbani: watafute namba tasa mtaani, kwenye milango, viatu, mabango, popote pale. Wakafurahi. Nami nikajiona mwalimu hodari.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimegombwa mpaka nikasahau jina langu.

Saa ya mapumziko alikuja mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, viatu vimejaa matope. Ni mama yake Kwanini, fundi cherehani.

"Wewe ndiye Mama Hesabu?" Ndivyo wanafunzi wanavyoniita.

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kugomba."

Akanieleza akiwa amesimama. Jana jioni Kwanini alikuwa anarudi nyumbani kwenye uchochoro wao. Kazi yangu ya nyumbani ilikuwa imemkaa kichwani, basi akawa anagonga kila mlango anaoupita na kutangaza kwa sauti: "Saba, tasa! Tisa, si tasa! Kumi na moja, tasa! Kumi na tatu, tasa!"

Namba saba ni ghala, haina mtu wa kuudhika. Namba kumi na tatu anakaa seremala mzee mwenye wajukuu wanaomkalia mpaka kichwani. Yeye alicheka akashika mbavu. Namba tisa ni kwao Kwanini, kwa fundi mwenyewe, mama wa watoto watano. Na namba kumi na moja anaishi mwanamke mmoja anayekodisha viti na vikombe vya shughuli. Hana mtoto. Mtaa mzima unamwita Mama Viti, kwa sababu mtaa hauwezi kumwacha mwanamke bila kumfanya mama wa kitu. Alikuwa barazani anaosha vikombe. Alisikia kwamba tisa si tasa, na kwamba yeye ni tasa.

"Alikuja mlangoni kwangu na kikombe mkononi," fundi akasema. "Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliniambia, 'Jirani, kumbe ndani kwako ndivyo mnavyonisema.' Akaondoka. Miaka yote tunaombana chumvi, Mwalimu! Leo asubuhi nimemwamkia, kanipita kama nguzo. Namuuliza mtoto, ananiambia ni hesabu. Hesabu gani hiyo ya kuhesabu matumbo ya watu?"

Nilimweleza. Nilichora ubaoni, nikasema hili na lile kuhusu vigawo. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo nampa haki yake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Na wewe, Mwalimu, una watoto wangapi?"

"Sina."

Nikaona anatafuta maneno mepesi na hayapati. "Nisamehe, sisemi kwa ubaya. Lakini mwanangu anakupenda, anakuiga hata unavyotembea. Mimi naogopa asije akakaa na namba mpaka watu wakamsahau. Nitatia saini biashara."

Akaenda zake. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, na nilipokasirika vya kutosha nikalia chooni, nikanawa uso, nikaingia kipindi cha tano.

Nyumbani mume wangu akauliza, "Kakutukana?"

"Afadhali angenitukana."

Alifikiri, akaniwekea chai. "Basi nenda kwa huyo wa viti. Kazi ya nyumbani uliitoa wewe, si mtoto."

Nilimchukia kwa dakika chache. Kisha nikashukuru kwamba nimeolewa na mtu asiyenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ijumaa, 21 Machi

Kwanini amehamishiwa darasa la biashara kwa majaribio. Kiti chake kimechukuliwa na ndoo ya tatu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda namba kumi na moja. Nyumba ile imejaa viti sakafuni hadi darini, viti ndani ya viti, na Mama Viti hakunipa hata kimoja. Nilisimama kama mdaiwa. Ni mwanamke mrefu, ana macho ya kukagua.

Nikaanza na samahani, nikafuatisha vigawo, nikamwona anatazama mlango. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi sikuzaa, lakini nikaona nisifiche. "Dada," nikamwambia, "na mimi sina mtoto. Neno hilo nalifundisha kila mwaka, na kila mwaka linanichoma."

Alinitazama. Akachomoa kiti kutoka kwenye rundo, akakifuta kwa upande wa kanga yake. "Kaa."

Tulikaa. Akasema, "Neno hilo nimeitwa na mawifi, nikanyamaza. Nimeitwa hospitali, tena limeandikwa kwenye cheti, nikanyamaza. Lakini kuitwa na mlango wa nyumba yangu mwenyewe, hapana!"

Nilicheka kabla sijajizuia. Nikadhani nimeharibu, kumbe naye anacheka, ameziba mdomo kwa kiganja.

Nikamwomba vikombe kumi na kimoja, avipange safu zilizo sawa. Akapanga safu mbili, kimoja kikabaki. Safu tatu, viwili vikabaki. Akajaribu nne, akajaribu tano, akaanza kuvigombeza vikombe. "Toa kimoja basi."

"Ukitoa kimoja ni kumi, si kumi na moja."

"Vikaidi hivi." Akaviacha katika mstari mmoja mrefu mezani, akawa anavitazama. "Na hiyo ndiyo tasa?"

"Ndiyo hiyo."

Nilipoaga nikamwomba amsamehe mtoto, maana mama yake anamtoa kwenye hisabati. Akatikisa kichwa. "Sisamehi kwa mjumbe. Alinitaja hadharani, anieleze hadharani. Na si uchochoroni. Mbele za watu, nao wamekaa kwenye viti vyangu."

Nimerudi na mvua yote mgongoni na sijali. Nilikwenda kuomba radhi, nimerudi na shoga.

Jumanne, 1 Aprili

Kwanini alikuja dirishani wakati wa mapumziko, akauliza swali moja kupitia nondo, akakimbia kabla mwalimu wa biashara hajamwona. Swali lilikuwa zuri. Limenikaa siku nzima.

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi amekataa Kwanini asimame kueleza hadharani. Anasema hamwaniki mwanawe mbele za watu kama nguo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mvua. Ndoo nne.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama Viti amekwenda mwenyewe namba tisa. Alisimama mlangoni akasema, "Jirani, namdai mwanao maelezo." Ukimkosea jirani, naye akaja mwenyewe kukuonyesha njia ya kupatana, utakataa vipi? Fundi akakubali: mara moja tu, siku ya wazi ya hisabati ninayoiandaa kwenye ukumbi wa maktaba, tarehe kumi mwezi ujao, na baada ya hapo biashara. Mimi nimepewa mara moja hiyo. Nimeipokea kwa mikono miwili.

Leo Jumamosi yetu ilikuwa na watu watano, na Mama Viti mmojawao. Mume wangu hakulala.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilikwenda namba tisa kumfanyisha Kwanini mazoezi. Anaogopa mpaka anajiuliza kwa nini anaogopa. Mama yake alikuwa kwenye cherehani anaunga mikono ya gauni, hatutazami, lakini kila Kwanini alipokosea sentensi, cherehani ilisimama.

Kwanini alipotoka kuchota maji, fundi akasema bila kuinua kichwa, "Mimi niliishia kwenye kugawanya."

"Vipi?"

"Shule. Tulikuwa tumeanza kugawanya namba ndefu, zile unashusha tarakimu moja moja. Baba akasema kwa msichana inatosha. Nikatoka. Sikuwahi kujua iliendeleaje." Akakata uzi kwa meno. "Siku nyingine nashona, najiuliza, baada ya pale walifundishwa nini?"

Tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikimwita moyoni mwanamke jeuri. Leo nimemwona msichana aliyetolewa darasani somo likiwa katikati. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, nikashindwa. Nikamwomba anipime gauni.

Jumatano, 7 Mei

Gauni limenibana. Fundi anasema si gauni.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike taratibu nisisahau kitu.

Nilitegemea watu thelathini. Walikuja hadi wakakaa dirishani, wengi wao wanawake, kwa sababu Mama Viti kila alikopeleka viti mwezi huu alipeleka na mwaliko. Seremala wa kumi na tatu alikuja na wajukuu wake. Fundi alikaa nyuma kabisa, mikono ameikunja kifuani. Mama Viti alikaa mbele kama hakimu.

Kwanini alisimama. Gauni lake lilikuwa jipya. Hakuanza na salamu ndefu tuliyoifanyia mazoezi. Alisema tu, "Naomba watu ishirini na nne waje mbele na viti vyao, wakae safu zilizo sawa."

Wakaja. Wakakaa safu nne za watu sita. Mmoja akasema hata tatu za wanane zinafaa, wakahama. Mwingine akasema mbili. Ukumbi ukajaa kelele za miguu ya viti na watu wazima wanaobishana kama watoto.

"Sasa mmoja aondoke."

Seremala akaondoka na kiti chake. Wakabaki ishirini na tatu. Safu mbili, mmoja hana mwenzake. Safu tatu, wawili wamezidi. Nne, tano, sita. Kila safu ilipokaribia kukamilika palikuwa na mtu amebaki katikati na kiti chake mkononi, na ukumbi unamzomea kwa raha. Mwishowe Kwanini akawaambia wakae mstari mmoja. Mstari ukavuka ukumbi, ukatoka mlangoni, na wa mwisho, ambaye alikuwa mume wangu, akakaa barazani mvua inamnyeshea goti moja, anapunga mkono.

Watu walipotulia Kwanini akasema, "Ishirini na nne mliipanga mnavyotaka, kwa sababu imejengwa na namba ndogo: mbili, mara mbili, mara mbili, mara tatu. Thelathini ni mbili, mara tatu, mara tano. Chukueni namba yoyote kubwa kuliko moja, ivunjeni, mvunje na vipande vyake, mpaka visivunjike. Vitakavyobaki mkononi ni namba za aina hii ya ishirini na tatu. Zenyewe haziwezi kuvunjwa. Lakini nyingine zote zimetoka kwao. Zingekuwa hazipo hizi, ishirini na nne isingepatikana, wala mia, wala elfu."

Akamgeukia Mama Viti. Sauti ikapungua, lakini ilisikika. "Mama, nilipita mlangoni kwako nikasema kumi na moja ni tasa. Sikukusema wewe. Nilisema kumi na moja hakuna wa kuigawanya. Lakini neno lilikuumiza, na mimi ndiye niliyelipigia kelele. Nisamehe."

Nikasikia maji yanavyotiririka kwenye mfereji wa paa. Mama Viti hakuinuka.

"Na tisa?" akauliza.

"Tisa si tasa. Ni tatu mara tatu."

"Yaani nyumba ya mama yako inagawanyika, na yangu haigawanyiki?"

Kwanini akamtazama mama yake kule nyuma. "Kwa hesabu, ndiyo."

Wa kwanza kucheka alikuwa fundi mwenyewe. Alicheka mpaka futi ikamdondoka shingoni, na ukumbi mzima ukamfuata. Mama Viti akasimama, akamkumbatia mtoto. "Nimesamehe," akasema kwa sauti ya kusikika barazani. "Lakini aliyezipa jina hilo mleteni, nina maneno naye."

Hapo ndipo nilipolia, na sikujificha. Neno lile lilizunguka ukumbini muda wote, midomoni mwa watu, likachezewa, likakaliwa kwenye viti, na mimi halikunichoma hata mara moja. Sijui niseme nini zaidi ya asante. Asante kwa mtoto wa watu, asante kwa mwanamke wa viti, asante kwa goti lililolowa la mume wangu.

Watu walikuwa wanaanza kuinuka, ikasikika sauti kutoka nyuma. "Na zinaishia wapi?"

Alikuwa fundi. Alionekana kushtushwa na swali lake mwenyewe.

"Nini, mama?" Kwanini akauliza.

"Hizo zisizogawanyika. Zinafika wapi, zinakwisha?"

Kwanini anajua jibu. Alinitazama, nami nikamtikisia kichwa asiseme. Akasema, "Wewe unaonaje, mama?"

Fundi aliokota futi yake, akatoka.

Jumapili, 11 Mei

Nimelala mchana kutwa.

Ijumaa, 16 Mei

Kwanini bado yuko biashara. Mara moja tu, mama yake alisema, na mara moja imepita. Wanawake wanane wameandikisha majina ya Jumamosi. Nafurahi, na moyo unaniuma hapo hapo.

Ijumaa, 23 Mei

Leo ilikuwa siku ya saini. Tulikaa ofisini kwa mwalimu mkuu tangu asubuhi, mimi na mwalimu wa biashara, kila mmoja na karatasi zake. Wazazi wa wasichana wangu sita walikuja mmoja mmoja, na wote sita wakatia saini kwangu. Mwalimu mkuu alinitazama juu ya miwani. Wa saba hakutokea. Saa zikaenda. Mwalimu wa biashara akaanza kufunga mkoba wake, na karatasi ya Kwanini ikawa juu ya rundo lake.

Fundi aliingia amelowa chepechepe, Kwanini nyuma yake. Hakuamkia mtu. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, si mbele ya mwalimu wa biashara.

"Zinakwisha," akasema.

Nikauliza, "Kwa nini?"

"Nimefikiria nikishona. Namba ikiwa ndogo, wa kuigawanya ni wachache. Ikiwa kubwa, walio chini yake ni wengi, na kila mmoja anajaribu bahati yake. Kadiri unavyopanda, ndivyo wanavyozidi. Lazima ufike mahali hakuna itakayosalimika. Zinakwisha."

Nywele zilinisimama. Ni fikra nzuri, ya kupangwa hatua kwa hatua, na nimewahi kuwa na wanafunzi wa miaka mingi wasiofika hapo. Tena ni makosa: hazikwishi.

"Nimekosea?"

"Siwezi kukwambia."

"Ehee! Na huyu naye hasemi." Akamwelekezea binti yake kidole gumba. "Namuuliza jikoni, anatabasamu. Namuuliza kwenye cherehani, ananiambia, 'Endelea mama, unakaribia.' Mimi nilitolewa darasani mara moja, Mwalimu. Safari hii sitoki kabla sijajua iliendeleaje." Akanyoosha mkono kwa kalamu. "Nitie saini wapi?"

Mwalimu wa biashara akasogeza karatasi mbele. "Mkondo gani, mama?"

"Ule wenye jibu."

Kwanini alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha mama yake kwa mikono miwili. Nilitafuta karatasi yangu, sikuiona kwa machozi, akaniokotea yeye. Fundi alitia saini taratibu, kwa herufi kubwa zilizonyooka kama mshono, akanirudishia kalamu.

"Na bado nasema zinakwisha," akasema.